Mkono Ulioshika Waya wa Mnara

Sina tabia ya kusimulia mambo ya mizimu. Nilisoma chuo cha ufundi, nikafunzwa kwamba jambo lisilopimika lisitamkwe kama ukweli, na hadi leo nalishikilia funzo hilo. Ndiyo maana nakuomba, wewe unayesoma, usinicheke kabla sijamaliza. Haya niliyaona mchana. Sikuwa na homa, sikuwa na usingizi, na mita ilikuwa mikononi mwangu ikifanya kazi yake. Laiti ingekuwa ndoto! Ndoto mtu huisahau akinawa uso.

Kazi yangu ni kukagua kinga ya radi kwenye minara ya redio huku kwetu Migori na Homa Bay. Huenda hujawahi kuifikiria kazi hii, na sikulaumu. Mnara husimama mrefu kuliko kila kitu kilimani, na radi hutafuta kirefu. Hatuna uwezo wa kuizuia. Tunachofanya ni kuipa njia: waya mnene wa shaba unaoshuka kwenye mguu wa mnara hadi kwenye fimbo ndefu za shaba zilizopigwa nyundo zikazama ardhini. Radi ikipiga, hupita humo ikamezwa na udongo, na aliye karibu hubaki na mvumo wa masikio tu. Njia hiyo ikiwa mbovu, radi hujitafutia nyingine. Na mwili wa binadamu, kwa radi, ni njia kama njia nyingine yoyote.

Niliipenda kazi hii kwa moyo wote. Niliamini, na sioni aibu kusema, kwamba ni kazi ya haki: unawalinda watu wasiokujua jina, dhidi ya jambo ambalo ukifanya vizuri halitatokea kamwe.

Aliyenifundisha kuipenda ni fundi mkuu wetu. Kila mtu alimwita Ja-Kendu, yaani mtu wa Kendu Bay, na ndilo jina nitakalotumia. Alikuwa mtu wa Sabato, mwimbaji wa besi katika kwaya, asiyegusa kazi siku ya Jumamosi hata mnara ukiwaka moto. Nilipofika mara ya kwanza nikiwa na cheti changu na nyundo mpya, mafundi wengine walicheka. Mmoja akauliza kama nimeleta pia mwiko wa kusongea ugali. Ja-Kendu akamkabidhi ile nyundo yangu: "Haya, omera, ndugu yangu, piga fimbo hii mpaka izame, ndipo umcheke dada yetu." Yule hakufika hata nusu. Tangu siku hiyo Ja-Kendu aliniita nyaminwa, dada yetu, nami nikamhesabu kuwa kaka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana kila kitu kinasimama juu ya jambo hili. Ardhi hupimwa na watu wawili. Mmoja hukaa na mita pale mguuni mwa mnara. Mwingine huburuta nyaya za kipimo hadi mbali kwenye mteremko, akapigilia vigingi vya chuma ardhini, akangoja. Aliye kwenye mita husoma namba na kuipaza sauti. Namba ikiwa ndogo, ardhi imekubali. Ikiwa kubwa, ardhi imekataa. Ja-Kendu alikuwa na magoti mabovu. Mimi nilikuwa na miguu mizuri. Kwa hiyo yeye alikaa na mita, na mimi nilishuka na nyaya. Mnara baada ya mnara, nilisimama kwenye mahindi ya watu nikisubiri sauti ile nzito ya besi: "Tatu, nyaminwa! Ardhi imekubali!" Nami nilijibu kwa furaha, "Asante, ardhi!" Wenye mashamba walidhani sisi ni wehu.

Je, ungeshuka na kupanda kila mara kuhakikisha namba ambayo kaka yako amekwisha kuitamka? Mimi sikufanya hivyo. Nani hufanya hivyo?

Kuna kilima kimoja kwenye mpaka wa kaunti hizi mbili ambacho sitakitaja jina, kwa heshima ya wanaoishi chini yake. Ni kilima cha mwamba, udongo wake mwembamba kama blanketi la mtoto, na chini yake kuna shule ya chekechea. Siku ya kuzamisha fimbo, Ja-Kendu alinituma Rongo nikalete bolti. Niliporudi, vichwa vya fimbo vilikuwa vimejipanga vizuri ndani ya vishimo vyao, ving'aavyo kama meno mapya. Tukapima. Nikashuka na nyaya. "Tatu!" Juu ya mwamba ule! Nilicheza hapo hapo kati ya mawe. Niliona kwamba nimepata bahati ya kufundishwa na bwana wa kazi.

Baadaye mnara ukapewa mlinzi, mkazi wa pale chini aliyeitwa Oluoch. Sikuwahi kukutana naye. Mke wake alijulikana kwa jina la alikozaliwa, Nyar Awendo, yaani binti wa Awendo. Asubuhi moja wakagombana kwa sababu Oluoch aliacha lango wazi na mbuzi akamaliza mboga zote. Mke akamfuata hadi njiani akimpigia kelele, na majirani wakasikia: "Nenda! Radi ikupige!" Ni maneno ambayo huku kwetu husemwa kwa hasira na kusahauliwa kabla chai haijapoa. Alasiri ya siku hiyo hiyo mvua ilikuja kutoka ziwani, radi ikaupiga mnara, na Oluoch akaokotwa karibu na ua, gambuti lake moja limepasuka kama ganda la njugu.

Chifu aliitisha baraza, akatualika sisi mafundi. Ja-Kendu aliniambia, "Zungumza wewe, nyaminwa. Kiswahili chako kimenyooka." Nikasimama. Nikawaeleza watu habari za waya na fimbo, kwa uangalifu, kama nilivyofunzwa. Chifu akauliza, "Kwa hiyo, madam, hiyo kinga ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa, chifu. Tuliipima. Ardhi ilikubali."

Nilidhani ninawatoa wasiwasi watu. Kumbe! Ndugu yake Oluoch akasimama, akaushika mkanda wake, akasema polepole, "Mmesikia wenyewe. Chuma hakina makosa. Msomi amesema. Sasa kama si chuma, ni nini? Ni mdomo." Wakageuka wote kumwangalia mjane, aliyekuwa ameketi chini miguu amenyoosha mbele. Nilijaribu kusema kwamba sikumaanisha hivyo, kwamba maneno hayabebi umeme. Sauti yangu ilizama. Nikamtazama Ja-Kendu anisaidie. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kabla jua halijatua, Nyar Awendo alitolewa kwenye boma la mumewe akiwa na watoto wake na godoro moja. Mimi nilidhani Ja-Kendu aliinamisha kichwa kwa kuona haya juu ya ujinga wa watu. Niamini, ndivyo nilivyodhani. Nilimwonea hata huruma.

Mvua zikaendelea. Mnara ulipigwa tena na tena, na hakuna kilichoungua, hata balbu. Lakini hakuna aliyekubali kuulinda.

Kisha kazi ikanipeleka Awendo, upande wa mashamba ya miwa. Pale kando ya barabara, malori ya miwa yakipita na kuangusha majani, palikuwa na mwanamke anachoma mahindi. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuchukua moja ndipo nikamtambua. Naye alinitambua.

"Wewe ndio yule msichana wa mnara," alisema.

"Ndimi, mama."

"Ulisema hiyo waya iko sawa."

"Nilisema."

Akageuza hindi lake. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitesa zaidi. "Ulipima wewe mwenyewe?"

Nikafungua kinywa nijibu ndiyo, na ndiyo haikutoka. Kwa sababu, fikiria na wewe: nilipima? Nilishika vigingi. Nilisikia sauti. Katika kazi yangu yote na Ja-Kendu, je, niliwahi kuuona mshale wa mita kwa macho yangu?

Jioni nilimpigia simu, nikamwambia nataka turudi kwenye kile kilima tupime upya. Alicheka cheko lake la kwaya. "Nyaminwa, mbona unafukua kilicholala? Mnara umepigwa msimu mzima. Umesikia kitu kimeungua? Hujasikia. Basi uache upumzike."

Nilichagua Jumamosi, kwa sababu Jumamosi yeye huwa kanisani na simu yake huizima. Kijana wa boda boda alinifikisha chini ya kilima, akazima pikipiki. "Huko juu mimi siendi, madam. Nitakungoja hapa kwa duka. Ukikawia nitaenda, lakini nitakuombea." Nikapanda peke yangu, begi la mita mgongoni.

Kupima peke yako kunawezekana, kunachosha tu. Nilishuka, nikapigilia vigingi, nikapanda tena. Wakati huo wingu lilikuwa limeinuka upande wa ziwa, jeusi kama chungu cha kuni, na mchana wote ukageuka rangi ya moshi. Najua sheria: wingu likiwa hivyo, fundi hushuka. Lakini nilijiambia, kipimo kimoja tu. Nikainama, nikabana kibano kwenye waya wa mnara. Nilipoinua kichwa, palikuwa na mtu.

Alikuwa ameegemea mguu wa mnara, amevaa koti zito la walinzi lililokosa kifungo cha kati, na mkono wake wa kulia umeushika waya wa shaba jinsi mtu anavyoshika kamba ya fahali. Sikushtuka sana. Nilifikiri wakubwa wamepata mlinzi mpya hatimaye.

"Oimore, nyathina," alinisalimu kwa Dholuo, akiniita mwanangu, kama anavyosalimu mtu mzima aliyekuta binti wa jirani.

"Oimore, baba. Walikuajiri lini?"

"Mimi niko hapa tu."

"Mvua inakuja. Huogopi?"

"Kazi yangu ni kushika," alisema, na akaniashiria kwa kidevu niendelee.

Matone ya kwanza yakaanguka, makubwa. Nikaizungusha swichi ya mita. Mshale ukainuka, ukatulia. Tatu.

Siwezi kukueleza furaha iliyonipata. Tatu! Basi Ja-Kendu alisema kweli! Nililia pale mvuani, nikamwomba msamaha kimoyomoyo kwa kumshuku, nikaona aibu kwamba swali la mwanamke mmoja lilitosha kunitenga na kaka yangu. Nikataka kumweleza yule mlinzi habari njema. Naye wakati huo akauinua mkono kujifuta uso.

Mshale ukaruka hadi mwisho wa mita.

Akaurudisha mkono kwenye waya. Mshale ukarudi. Tatu.

Nilikagua kibano. Kilikuwa kimebana. Nikakagua nyaya. Mvua sasa ilikuwa inamwaga, nami nilikuwa nimelowa hadi kwenye mifupa, ndipo nikaona kwamba lile koti la mlinzi halikuwa limebadilika rangi hata kidogo. Maji yalilipiga, lakini halikulowa. Mguu wake mmoja ulikuwa na gambuti. Wa pili ulikuwa mtupu, umezama ardhini hadi kwenye kifundo, kama mche uliopandwa.

Je, nilikimbia? Ungekimbia wewe. Mimi, Mungu anajua, nilisema, "Baba, ondoa mkono."

"Niondoe?" Akatazama juu. "Basi haraka."

Akauondoa. Mshale ukakimbia hadi mwisho, ukakaa huko huko. Ardhi imekataa. Hakukuwa na ardhi kabisa. Mnara ule wote, chuma chote kile, ulikuwa unaning'inia bila njia.

"Nirudishe?" aliuliza. Akaurudisha mwenyewe.

"Umeshika tangu lini?"

"Tangu ile siku. Ilipiga, nikaona haina mahali ya kupita. Nikasema, nikiachia, itaenda wapi? Hapo chini kuna watoto ya shule." Akatazama kule chini. "Nyar Awendo yuko wapi? Simwoni akipita kuteka maji."

"Walimfukuza, baba."

"Kwa sababu gani?"

"Maneno yale ya asubuhi."

Hapo akacheka, na niamini, kilikuwa kicheko cha mtu hai, cha mume. "Huyo mwanamke? Amenitakia radi tangu tuoane! Ingekuwa maneno yake yanafika, ningekufa kabla ya mtoto wa kwanza." Kisha kicheko kikamtoka usoni. "Mwambie hayakunifikia. Kilichonifikia kilikuja kwa chuma. Sasa shuka, nyathina. Kaa kama kuku anayelalia mayai, usiguse kitu."

Nilishuka nikiteleza, nikachuchumaa kati ya mawe, miguu pamoja, mikono masikioni. Nikageuka mara moja tu. Mbingu ikapasuka. Niliiona radi ikishuka kwenye mnara, ikaingia kwenye ule mkono, na mwili wake wote ukawaka kutoka ndani kama utambi wa karabai, hata nikaona umbo la kila kidole kwenye waya. Hakuanguka. Hakupiga kelele. Aliinamisha tu kichwa, kama mbeba mzigo anayerekebisha gunia begani.

Mvua ilipopungua nilirudi juu. Hakukuwa na mtu. Nikapiga magoti kwenye kishimo cha fimbo ya kwanza, nikashika kichwa chake cha shaba, nikavuta. Ilitoka kwa mkono mmoja, kama muhogo kwenye mchanga. Ilikuwa haifiki urefu wa kiwiko changu hadi kiganja, na ncha yake ilikuwa na alama za msumeno.

Nilimpata Ja-Kendu kesho yake kwenye kibanda cha samaki mjini Homa Bay, ziwa likimeremeta nyuma yake, sahani ya ngege mbele yake.

"Nyaminwa! Kaa, ule. Huyu samaki ametoka majini sasa hivi, bado anauliza njia ya kurudi."

Nikaiweka ile fimbo mezani, kati ya ugali na mboga. Aliitazama. Akachukua jagi, akanawa mikono taratibu, kidole baada ya kidole.

"Umeing'oa," alisema.

"Haikuhitaji kung'olewa."

"Mwamba ulikataa. Nilipiga nyundo mpaka viganja vikavimba. Gari lilikuwa linangoja, wakubwa wanataka redio isikike. Ningefanya nini?"

"Ungesema."

"Nimwambie nani?"

"Mimi, Ja-Kendu. Mimi nilikuwa hapo. Ungeniambia mimi."

Nikamuuliza habari za zile "tatu" zote alizonipazia sauti, minara yote ile, mimi nimesimama mahindini nikishukuru ardhi. Akasema, "Mingine ilikuwa tatu kweli."

"Ipi?"

"Sasa nitakumbuka aje?"

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa maumivu. Lakini aliinama karibu yangu, akashusha sauti hata muuza samaki asisikie, akauliza neno ambalo hadi leo linaniamsha: "Bado ameshika?"

"Ulimwona?"

"Baada ya mazishi nilipanda na fimbo mpya. Nilitaka kutengeneza kimyakimya, usidhani sina roho. Nikamkuta amesimama. Nikapima." Macho yake yalijaa kitu kilichofanana na fahari. "Tatu, nyaminwa. Tatu safi, sijawahi kuona kama ile. Nikarudi na fimbo zangu. Mradi ameshika, kuna shida gani? Hakuna kinachoungua. Watoto wako salama."

"Na mke wake? Ulikuwa umekaa kando yangu kwenye lile baraza!"

"Watu wangemsema tu, hata bila sisi."

Bila sisi! Alisema sisi. Nilichukua fimbo yangu nikaondoka, nikamwacha na ngege wake. Nilikuwa nikijiuliza jambo moja tu: kati ya radi na mtu huyu, nani alimfanyia Oluoch uchungu zaidi? Radi ilimpiga ikapita. Ja-Kendu alimwona amesimama pale, akamgeuza kuwa kipande cha kazi yake.

Nilimpelekea chifu ile fimbo. Akaitisha baraza jingine, nikasimama mahali pale pale na kusema kwa sauti kwamba nilidanganywa, na kwamba kwa kinywa changu uongo ule ulimfukuza mtu asiye na hatia. Habari za mkono sikuzisema. Nilisema habari za msumeno. Ndugu yake Oluoch aliishika fimbo, akaipima kwa shubiri, akairudisha bila kunitazama usoni.

Wakubwa walituma watu. Mwamba ukatobolewa, mfereji ukachimbwa kuteremka hadi kwenye udongo mbichi karibu na kijito, shaba ikalazwa humo na kufunikwa kwa makaa na chumvi ili ardhi iwe laini kwa umeme. Siku ya kupima nilikataa kabisa kushuka na nyaya. Nilikaa na mita. Na kando yangu alikuwa Nyar Awendo, ambaye nilikwenda kumwita mwenyewe. Nilikuwa nimempelekea ujumbe wa mumewe kule kwenye mahindi yake, neno kwa neno, na aliposikia lile la "tangu tuoane" alitupa koleo, akafunika uso kwa kanga, nikashindwa kujua kama analia au anacheka. Ndani ya nyumba yake palikuwa na picha ya Oluoch, ile ya mazishini, ukutani. Koti lile lile. Kifungo cha kati hakipo.

Pale kilimani aliweka kiganja chake kwenye waya, akasema kwa Dholuo, kwa sauti ya kawaida ya nyumbani, "Baba watoto, achia. Sasa ardhi imekubali."

Nilikuwa nautazama mshale. Ulitikisika, kama mtu anayevuka kizingiti, kisha ukatulia. Nikamwomba mama atoe mkono. Mshale haukusogea. Haikuwa tatu. Ilikuwa namba kubwa kidogo kuliko tatu, isiyo na uzuri wowote, na ya kweli.

Ndugu wa marehemu alikuwa amepanda nyuma yetu. Akasema, "Basi rudi nyumbani, mke wetu. Mambo yameisha."

Nyar Awendo alikunja kanga yake. "Mume wangu ameachia," alimjibu. "Mimi sijaachia." Akashuka kilima, akarudi Awendo, na huko ndiko aliko hadi leo.

Ja-Kendu hakufungwa. Alihamia kwenye kazi kama hii hii, kaunti nyingine, na nasikia ana wanafunzi wanaompenda. Wakati mwingine hunitumia ujumbe: "Nyaminwa, umenyamaza sana." Sijawahi kumjibu. Ninaizunguka minara yetu mmoja mmoja, ile ambayo hakumbuki, na kila nifikapo, kabla sijafungua begi, hutazama kwanza mguu wa mnara. Kuna minara ambayo bado sijaifikia, na mvua zimeanza.

Kwa hiyo nakuasa, wewe uliyenisikiliza hadi hapa. Mtu unayempenda akikupazia sauti kutoka juu kwamba mambo ni mazuri, usishukuru ukiwa bondeni. Panda. Uone mshale kwa macho yako, hata akikasirika, hata akikuita dada. Na ikitokea siku umepita karibu na mnara wakati wa mvua, ukaona mtu ameshika waya na koti lake ni kavu, usimuulize yeye ni nani. Uliza ni nani aliyemwona hapo kabla yako, akaenda zake nyumbani.